Mtungi wa gesi: jifunze kuufunga ukiwa umefumba macho

Katika nyumba nyingi mtungi wa gesi unakaa kona ya jikoni umefunikwa kitambaa, na ugali unapikwa uani kwa mkaa. Pesa imeshalipwa, gesi imejaa, lakini mkono hauthubutu. Anayethubutu naye utamwona anavyowasha: uso kaugeuzia pembeni, mkono kaunyoosha mbali, anafungua gesi kwanza kisha ndiyo anaanza kutafuta njiti ya kiberiti. Hofu hiyo ndiyo inayozaa ajali yenyewe. Zile sekunde za kutafuta njiti ndizo zinazokusanya gesi inayolipuka puu! na kuunguza nyusi.

Tunaandika haya kwa sababu watu wengi sasa wanashika mtungi kwa mara ya kwanza. Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya wananchi wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mitungi ya kilo 6 imekuwa ikiuzwa kwa ruzuku, mingine ikigawiwa mikutanoni. Mafunzo yanayoambatana nayo ni haba, mara nyingi ni maneno mawili ya muuzaji akiwa anahesabu chenji. Kumwambia mtu "usiogope" hakumsaidii kitu. Kinachomsaidia ni kujua hatari iko wapi hasa, na mikono yake kuizoea kazi ya kuizuia.

Hatari haiko kwenye chuma cha mtungi. Ndani kuna propani na butani zilizobanwa mpaka zikawa kimiminika; ukiutikisa mtungi unazisikia zikicheza kama maji dumuni. Chuma kimetengenezwa na kupimwa kwa mgandamizo mkubwa kuliko unaokaa humo siku zote. Mtungi uliosimama wima, mbali na moto, haukurupuki usiku ukalipuka wenyewe. Kinacholipuka majumbani ni gesi iliyokwisha kutoka mtungini ikatulia chumbani bila mtu kujua.

Nayo ina tabia yake. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, propani kama mara moja na nusu, butani kama mara mbili. Ikitoka haipandi darini kama moshi. Inamwagika sakafuni, inapita chini ya kabati, inaingia uvunguni, inatafuta mtaro wa maji machafu. Ndiyo maana jiko lenye kidirisha cha juu peke yake halijapata hewa ya kutosha kwa gesi. Kinachoitoa ni mlango, hasa ule uwazi wa chini.

Chukua chumba cha jiko cha mita 2 kwa mita 2.5. Gesi ya kupikia inashika moto ikifika takriban asilimia 2 ya hewa. Ikivuja polepole ikajilaza sakafuni kimo cha sentimita 30 tu, kufikia kiwango hicho kunahitaji gesi kama gramu 60. Kwenye mtungi wa kilo 6 hiyo ni sehemu moja ya mia. Kwa hiyo ile kauli ya "inavuja kidogo tu, haina neno" ifutwe kabisa kwenye vichwa vyetu.

Habari njema ni kwamba unapewa taarifa mapema. Gesi yenyewe haina harufu. Inatiwa makusudi ile harufu ya kabichi iliyooza, kwa kiasi ambacho pua nzima huisikia ikiwa gesi bado haijafika hata moja ya tano ya kiwango cha kushika moto. Ukisikia harufu, bado una nafasi ya kutenda, na kutenda kwa utulivu. Ila pua ya mwenye mafua haiaminiki, ya aliyelala pia haiaminiki, na ukikaa muda mrefu ndani ya harufu pua inaizoea na kunyamaza. Ndiyo maana valvu ya mtungi, yaani kile kifaa cha juu kinachofungua na kufunga gesi, inafungwa kila usiku na kila unapotoka. Vifungulio vya jiko peke yake havitoshi.

Povu la sabuni

Ujuzi wa kwanza kujifunza ni huu, na ukishaujua hofu nusu nzima inaondoka, kwa sababu unaacha kubahatisha. Changanya kijiko kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na vijiko vitatu vya maji kwenye kibakuli. Ponda kwa sponji mpaka upate povu zito linaloshika bila kuchuruzika. Hakikisha hakuna moto wowote karibu, hata jiko la mkaa la jirani mlangoni. Zima vifungulio vyote vya jiko, kisha fungua valvu ya mtungi.

Sasa paka povu mahali hapa: pale regulata (kifaa kinachopunguza mgandamizo wa gesi) inapokaa juu ya valvu, shingo ya kifungulio chenyewe cha valvu, mwisho wa mpira upande wa regulata, urefu mzima wa mpira, hasa unapojikunja na unapogusa ukuta, mwisho wa mpira upande wa jiko, halafu chini ya vifungulio vya jiko. Usiharakishe. Kila mahali subiri kama dakika moja ukitazama kwa karibu. Povu la kawaida linakaa na kupungua taratibu, vitone vyake vinapasuka kimoja kimoja. Povu lililo juu ya uvujaji linafanya kinyume: kitone kinazaliwa, kinavimba, kinasukumwa pembeni na kingine kinachozaliwa palepale. Uvujaji mkubwa unatoa mapovu kama mayai ya chura. Mdogo unatoa kitone kimoja kila sekunde kadhaa, na huo ndio unaowapita watu wenye haraka.

Ukiona kitone kinavimba, funga valvu. Kama ni kwenye klipu ya mpira, kaza klipu kwa bisibisi kisha pima tena. Kama ni mwilini mwa mpira, usifunge gundi wala utepe; kata tamaa nao, nunua mwingine. Na usijaribu kamwe kutafuta uvujaji kwa njiti ya kiberiti. Wapo wanaofanya hivyo mpaka leo, na wengine ni mafundi.

Pima kila unapobadilisha mtungi, na kila unaposogeza jiko.

Mpira wenyewe uwe ule uliotengenezwa kwa ajili ya gesi, wenye maandishi ubavuni. Mpira wa maji ya bustani unaingia vizuri na kuonekana sawa, lakini gesi inaula kwa ndani mpaka unakuwa mgumu na kupasuka. Urefu wa mita moja na nusu unatosha. Usipitishwe nyuma ya jiko pale moto unapopiga, wala chini ya mguu wa meza. Ukunje kidogo kwa vidole: ukiona nyufa ndogo kama za udongo mkavu, muda wake umekwisha hata kama hauvuji leo. Na panya wanapenda kuutafuna, kwa hiyo upapase wote kwa vidole hata pale jicho halifiki.

Mtungi wa kilo 6 na kichomeo cha juu

Huu ndio ulio mikononi mwa watu wengi, nao una mambo yake. Kichomeo kinakaa moja kwa moja juu ya valvu kwa hesi, ile mikato ya kuzungushia kama ya skrubu. Ndani ya mdomo wa valvu kuna mduara mwembamba wa mpira mweusi, mdogo kuliko pete ya mtoto. Mpira huo ndio unaoziba, na ndio unaopotea au kukauka mitungi inapozunguka kutoka duka hadi duka. Mtungi ukiletwa, inama mchana wa mwanga mzuri uuangalie: upo? Haujapasuka? Haujajaa mchanga? Kama haupo, rudisha mtungi dukani palepale. Usidhani nguvu zitafidia. Watu wanachukua spana wakakaza mpaka hesi zinaliwa, na gesi inaendelea kupita pembeni. Kichomeo kinakazwa kwa mkono mpaka kigome, basi. Povu la sabuni litakwambia kama kimekaa.

Halafu kuna ugali. Kusonga ugali wa watu sita juu ya mtungi mwembamba ni kuutikisa mtungi na kuilegeza hesi kwa kila mzunguko wa mwiko. Sufuria pana nayo inarudisha joto chini kwenye mabega ya mtungi. Kwa chai, mayai, mchuzi na wali mdogo, kichomeo cha juu kinatosha kabisa. Kwa ugali wa familia, maharage ya saa mbili au sufuria ya shughuli, tumia jiko la mezani lenye mpira na regulata. Ukilazimika kusonga juu ya mtungi, tumia ile fremu ya chuma inayokaa mabegani mwake, weka mtungi sakafuni penye usawa, na pima kwa povu mara nyingi zaidi. Wala usiuzungushie maboksi au mabati kuzuia upepo: unaupika mtungi wenyewe. Jaribu kiganja. Mabega ya mtungi yakiwa ya moto kiasi cha kutoweza kuweka kiganja na kukituliza, zima.

Gesi ikikaribia kuisha, moto unanywea, na hapo watu wanaulaza mtungi ubavu au kuuweka kwenye beseni la maji ya moto ili kukamua ya mwisho. Ukiulaza, kinachofika kwenye kichomeo ni kimiminika, nacho kikitoka kinapanuka kama mara 250 na kuwa mwale mrefu usioutarajia. Usikamue. Ukitaka kujua kilichobaki, pima kwa mizani: uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye ukosi wake, toa hapo. Mtungi ulioandikwa 7.2 ukiwa na kilo 6 kamili unasoma 13.2. Hesabu hiyo hiyo itumie dukani kabla ya kulipa, na angalia lakiri iko nzima. Mtungi unaosoma zaidi ya hapo nao ukatae, maana kiwandani huachwa nafasi juu ili kimiminika kipate pa kutanukia joto linapopanda. Anayejaza kienyeji hajali nafasi hiyo. Lori la gesi lililolipuka Embakasi, Nairobi, Februari 1, 2024, lilikuwa kwenye eneo la kujazia gesi lisilo na kibali, katikati ya makazi ya watu.

Kuwasha

Mlango au dirisha kwanza. Kisha njiti iwake, isogezwe kwenye kichomeo, ndipo ufungue gesi kidogo kwa mkono wa pili. Kiberiti kwanza, gesi baadaye. Liseme kwa sauti mara kumi mpaka liwe kama wimbo. Kwa jiko la kubonyeza, likikataa ndani ya sekunde tano funga, ngoja dakika moja, jaribu tena. Kuendelea kubonyeza huku gesi inatoka ni kujaza chumba.

Moto mzuri ni wa bluu, umetulia. Wa njano unaopaka masizi sufuria unaonyesha hewa haiingii vizuri: matundu yameziba kwa mafuta au uji. Safisha kwa brashi na pini jiko likiwa limepoa. Moto mchafu namna hiyo unatoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani, nayo haina harufu kabisa.

Uji au maziwa yakifurika, moto unazimika na gesi inaendelea kutoka kimya kimya. Majiko mengi ya bei nafuu hayana kifaa cha kukata gesi moto ukizimika. Kwa hiyo anayepika abaki jikoni.

Zoezi la macho

Sasa tufike kwenye jambo tunalolitilia mkazo kuliko yote. Siku ya tatizo kuna moshi, kuna kelele, mtoto analia, na akili inaganda. Mikono ndiyo inayokumbuka. Basi ifundishe mikono.

Jiko likiwa limezimwa na limepoa, simama mlangoni, fumba macho kabisa. Nenda mpaka kwenye mtungi kwa kupapasa, tafuta kifungulio cha valvu, kifunge. Kwa valvu ya kuzungusha, kufunga ni kuelekea kulia, kama saa inavyokwenda, na kufungua ni kushoto. Kwa regulata ya kubana juu, tafuta swichi yake, ijue kwa kidole upande gani ni kuzima. Mara ya kwanza utachukua nusu dakika na kugonga goti kwenye ndoo. Kugonga huko ni taarifa: ndoo itoke hapo. Kama mtungi umesukumwa nyuma ya gunia la mchele, gunia litoke pia. Rudia mpaka uweze ndani ya sekunde tano, kwa mkono wa kulia na wa kushoto.

Kisha mfundishe dada wa kazi, shangazi aliyekuja kuuguza, na mtoto. Dada ndiye anayeshinda na jiko hilo kutwa. Kumwachia mtungi bila kumfundisha ni kumdhulumu. Na mtoto anayeweza kufunga bomba la maji anaweza kufunga gesi. Mfundishe upande wa kufunga tu.

Zoezi hili lina faida moja kubwa. Moto unaowaka kwenye mpira au kwenye jiko unaishi kwa gesi inayotoka mtungini. Ukifunga valvu unakufa ndani ya sekunde chache, bila ndoo wala mchanga. Moto ukiwa kwenye valvu yenyewe na bado ni mdogo, lowesha taulo, kamua, zungushia mkono, sogea kutoka upande ambao mwale hauelekei, funga. Usiuzime kwa kupuliza au kufunika ikiwa huwezi kufunga gesi: gesi itaendelea kutoka bila kuwaka, ijaze chumba, ikutane na moto mwingine. Kifungulio kikiwa kimeshikwa na moto au mtungi mzima umezungukwa na moto, hakuna cha kuokoa ndani. Toka, toa watu, nenda mbali. Mtungi unaochemshwa na moto kwa nje ndio ule unaoweza kupasuka kweli.

Kama ni harufu tu bila moto, acha kila swichi ilivyo. Kuwasha taa kunatoa cheche, na kuizima kunatoa pia. Funga valvu, zima mshumaa au mkaa ulio nje karibu na mlango, fungua milango yote, toa watu, ngoja mpaka harufu iishe kabisa. Mtungi ukiendelea kuvuja hata ukiwa umefungwa, utoe nje ukiwa wima, uuweke mahali pa wazi mbali na mtaro, shimo la choo na jiko la mama lishe, na mtu asimame kuwazuia wavutaji sigara. Katika nyumba za kupanga, gonga kila mlango wa korido. Gesi haijui mpaka wa chumba chako na cha jirani.

Karai la mafuta

Mafuta ya maandazi au chipsi yakianza kutoa moshi wa bluu, yanakaribia kuwaka yenyewe. Zima gesi hapo hapo. Yakishawaka, adui mkubwa ni maji. Maji yanazama chini ya mafuta yenye joto kali, yanageuka mvuke na kutanuka kama mara 1,700, yanarusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Zima gesi, telezesha mfuniko au sinia la chuma kutoka upande wako kwenda mbele, acha lilivyo robo saa au zaidi. Ukifunua mapema, hewa inaingia na moto unarudi. Usilibebe karai kulikimbiza nje. Mafuta yanamwagikia miguu. Kila unapokaanga, mfuniko unaotosha uwe umewekwa karibu tangu mwanzo, na ujaribu kuufunika karai likiwa baridi.

Mtu akiungua, vua pete na bangili haraka kabla ya uvimbe, kisha maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20 kamili, hata kama ni kwa kikombe na ndoo. Dawa ya meno, yai, asali, unga na mafuta ya kula vinafungia joto ndani na kumpa kazi daktari ya kuvibandua. Funika kwa kitambaa safi kisichoachia nyuzi. Uso, mikono, sehemu za siri, au jeraha kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua: hospitali, na mtoto mdogo apelekwe hata kwa jeraha dogo.

Namba ya Zimamoto Tanzania ni 114. Kenya piga 999 au 112. Ziandike kwa kalamu ya wino mzito ukutani nje ya jiko, pamoja na maelezo ya kufika kwako: mtaa, msikiti au shule iliyo karibu, duka la kona. Mtu akipiga simu, mwingine akimbie asimame njia panda kuongoza gari, kwa sababu mitaa yetu mingi haina namba na dereva hawezi kubahatisha uchochoro.

Na siku mtungi mpya unapoletwa, kabla haujawashwa kwa mara ya kwanza, rudieni zoezi la macho wote mliomo ndani. Kifungulio cha mtungi mpya huenda ni kigumu kuliko cha ule wa zamani.